Ukibobea historia ya pwani, lugha kwanza

Wewe wa Tanga au Bagamoyo unayesoma shahada ya historia na unataka kubobea pwani ya Afrika Mashariki, usijaze kozi za hiari kwa kufuata majina matamu. Anzia kwenye tasnifu ya mwaka wa mwisho, urudi nyuma. Vita vya Abushiri vya 1888–1889, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, au reli ya Tanga iliyoanza kujengwa 1893, vina nyaraka nyingi za Kijerumani, tena nyingine za mkono, kwa mwandiko wa zamani unaomtoa jasho hata anayekijua Kijerumani. Kwa hiyo lugha iingie mwaka wa kwanza. Ukiisogeza mbele itabaki pambo la cheti. Biashara na Oman? Kiarabu.

Kisha muulize mratibu wa idara: kozi hii inafundishwa muhula gani, na ni kila mwaka? Wengi hukwama hapo. Kozi imo kwenye kitabu cha mwongozo, mwalimu wake yuko masomoni. Nafasi moja ya kozi za hiari iachie historia ya Gujarat, magharibi mwa India, au Oman, upate cha kulinganisha na pwani. Mbinu za utafiti zichukue kabla ya likizo ndefu, ili uende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukijua jalada unaloomba.