Kiti kwanza, kamera baadaye: kupiga picha uwanjani na angani, kutoka Tanga hadi ng'ambo

Wateja wangu wa Ngamiani wakikaribia kusafiri, iwe ni Umra, mzigo wa Dubai au matibabu India, hupita studio kuuliza wanunue simu gani au lenzi gani ili wapige picha nzuri za ndege. Mimi huwauliza: umepata kiti gani? Picha nyingi za dirishani haziharibiwi na kamera. Zinaharibiwa na jua lililokaa upande mbaya, bawa lililojaa fremu, na kioo chenye alama za vidole vya abiria aliyetangulia. Hayo yote unayamaliza bila kununua kitu.

Hatua ya 1: Chagua kiti kwa kufuata jua

Fungua ramani, tazama ndege inaelekea wapi na saa ngapi. Asubuhi jua liko mashariki, jioni liko magharibi. Wewe kaa upande ambao jua halipo, ulipe mgongo. Hesabu yenyewe ni hiyo tu, na wengi hawaifanyi.

Tuanze na nyumbani. Ndege ya asubuhi kutoka Tanga kwenda Zanzibar au Dar es Salaam inaelekea kusini. Aliyekaa kushoto anatazama bahari huku jua likimpiga usoni, na maji yote yanang'aa kama bati jipya. Aliyekaa kulia anaiona bara ikiwa na mwanga safi: mistari ya mkonge, Mto Pangani ukimwaga maji ya udongo baharini, na Milima ya Usambara kwa mbali kama hakuna ukungu. Alasiri mambo yanageuka, wa kushoto ndiye mwenye bahati. Rangi za matumbawe na mafungu ya mchanga hutoka vizuri zaidi jua likiwa juu, kama saa nne hadi saa nane mchana. Ukilipata fungu la Maziwe saa hizo, huna haja ya kulitia rangi kwenye simu.

Sasa safari ya mbali. Dar es Salaam kwenda Nairobi au Addis Ababa ni kuelekea kaskazini, na Kilimanjaro, mita 5,895, mara nyingi hubaki kushoto, upande wa viti vya herufi A. Asubuhi jua liko kulia, kwa hiyo mlima unamulikwa vizuri, na kileleni mawingu bado hayajajaa. Kadiri siku inavyosonga ndivyo unavyofunikwa. Ukirudi jioni, kaa kulia, lakini ujue utapata umbo jeusi la mlima mbele ya anga yenye mwanga. Nayo ni picha, ila uiendee ukiijua.

Upande ukishaupata, fikiria bawa. Kwenye ndege kubwa za jeti, kaa mbele ya bawa. Ukikaa nyuma karibu na injini, hewa ya moto inayotoka humo inaifanya ardhi icheze-cheze kwenye picha, na hakuna lenzi inayoweza kuiondoa hiyo. Kama unalitaka bawa lionekane, nenda safu za nyuma kabisa, liache likate kona moja tu ya fremu.

Ndege zenye bawa juu ni neema kwa mpiga picha. Ile ya Air Tanzania ya mapangaboi, Dash 8-400, haikuzibii ardhi, na ukikaa usawa wa injini utaona magurudumu yakishuka kutoka chini ya injini wakati wa kutua. Cessna Caravan, ndogo kama zinazotua hapa Tanga, nayo ina bawa juu, lakini kuna mhimili unaoshuka kutoka bawani hadi ubavuni. Safu za nyuma ndizo zenye nafasi. Huko hakuna cha kuchagua sana, maana abiria hupangwa kwa uzito. Kapteni akikwambia kaa mbele, kaa mbele.

Hatua ya 2: Mkoba

Caravan kwa kawaida inaruhusu kilo 15 tu, na begi laini, si sanduku gumu. Kamera moja na lenzi moja isiyo ndefu sana zinatosha. Lenzi ndefu ndani ya ndege ni mzigo wa bure.

Betri za akiba na pawabenki zipande nawe, zisiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta. Mpaka unaotumika na mashirika mengi ni saa-wati 100 (kipimo cha umeme unaobebwa na betri, Wh) bila kuomba kibali. Kama pawabenki yako imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: ya 20,000 inakuwa saa-wati 74, inapita. Emirates tangu Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja kwa kila abiria, na haitumiki ukiwa ndani ya ndege. Kwa hiyo chaji kila kitu kabla ya kupanda.

Mnaopiga filamu bado (mpo, nawajua), ombeni ikaguliwe kwa mkono, hasa ya ISO 800 na kupanda (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga). Mashine mpya za ukaguzi zina mionzi mikali kuliko zile za zamani.

Mwisho, tia kitambaa cha kufutia miwani na kipande cha kaniki. Kaniki utaiona kazi yake mbele.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kuinua simu

Hapa ndipo watu wanapopoteza simu, na wengine safari. Kuna sehemu usizopiga popote pale, hata kama hujaona kibao: ukaguzi wa usalama, kaunta za uhamiaji, forodha, na askari yeyote akiwa kazini. Kweli, Marekani inaruhusu abiria kupiga picha eneo la ukaguzi ilimradi asizuie kazi wala asipige skrini za mashine. Lakini sheria hiyo ni ya kwao, usije ukajitetea nayo mbele ya afande wa nchi nyingine.

Kwetu Tanzania, maeneo ya jeshi na ya usalama hayapigwi bila kibali, na viwanja vingi vya Afrika vina upande wa jeshi. Uwanja wa Tanga ni mdogo, unatoka jengoni unatembea kwa miguu hadi kwenye ndege. Watu huona ndiyo nafasi. Uliza kwanza, kwa adabu ya kawaida: "Shikamoo afande. Naomba kupiga picha moja nikiwa na hii ndege, inaruhusiwa?" Akisema hapana, sema asante, endelea na safari. Akikubali, piga upesi ukiwa nyuma ya alama aliyokuonyesha. Usirudi kinyumenyume ukitafuta fremu, kwa sababu pangaboi linalozunguka halionekani kwa macho.

Falme za Kiarabu wanalichukulia kwa uzito suala la picha za watu. Sheria yao ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inamwadhibu anayempiga mtu picha bila ridhaa yake. Kwa hiyo Dubai, piga majengo na ndege, watu waache. India inaruhusu abiria kupiga picha ndani ya ndege, lakini si kwenye viwanja vya jeshi vinavyotumika pia na abiria, kama Pune. Mhudumu akisema funga dirisha, funga, anatekeleza amri.

Hatua ya 4: Ukisubiri ndege

Saa za kusubiri ndizo za kufanyia mazoezi. Kioo kikubwa cha ukumbi usiku kinarudisha taa zote za ndani. Sogeza lenzi hadi karibu kugusa kioo, zungushia kaniki, na ndege iliyoko nje itatokea. Mchana tafuta mtu aliyesimama dirishani, mwache awe umbo jeusi, upimaji wa mwanga uufanye kwa ile ndege ya nje.

Tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, iache nyumbani. Inaita walinzi. Weka kamera juu ya begi au iegemeze nguzoni, tumia kasi ya shata (muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia) kama 1/4 ya sekunde, uwashe kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Waliosimama watatoka wazi na wanaopita watakuwa ukungu.

Vitu mashuhuri vya viwanjani, kama dubu wa manjano, sanamu ya msanii Urs Fischer pale uwanja wa Hamad, Doha, mwenye urefu wa kama mita 7, kila mtu humpiga akiwa chini yake. Rudi nyuma. Subiri mtu mmoja mwenye begi apite karibu, ndipo ukubwa wake utaonekana.

Hatua ya 5: Dirishani

Futa kioo kwa ndani mara tu ukikaa, kabla abiria hawajaanza kubanana. Kisha:

Zima flashi. Itapiga kioo na kurudi kwako.

Leta lenzi karibu na kioo, kiasi cha kidole kimoja, bila kukigusa. Ukiigandamiza, mtetemo wote wa ndege unaingia kwenye kamera. Viwiko navyo viwe mwilini mwako, visiegemee ukuta. Funika nafasi iliyobaki kwa kaniki, mwanga wa ndani usiingie. Jirani akikushangaa, mwonyeshe picha.

Vua filta ya polaraiza, ile inayopunguza mng'ao wa maji, hata kama baharini unaipenda. Sehemu ya ndani ya dirisha ni plastiki, na filta hiyo inaitoa madoa ya rangi za upinde wa mvua yanayotapakaa picha nzima.

Kasi ya shata iwe 1/500 au zaidi kwenye ndege kubwa, 1/1000 kwenye Caravan inayotetemeka. Tundu la lenzi kama f/5.6 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ukilibana hadi f/16, mikwaruzo ya dirisha itaanza kuonekana. Fokasi iweke mbali kabisa kwa mkono, maana ukiiachia kamera itaushika mkwaruzo. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kwenye kitu cha mbali hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha teremsha mwanga kidogo ili mawingu yasiungue.

Mapangaboi yakitoka yamepinda kama ndizi, simu haijaharibika. Inasoma picha mstari kwa mstari, na pangaboi linasogea kabla haijamaliza. Kamera yenye shata ya kimakanika inapunguza hilo. Ukishusha kasi hadi 1/125 pangaboi linakuwa duara la ukungu, na linapendeza zaidi.

Dreamliner (Boeing 787) haina pazia la dirisha, ina kitufe kinachokiingiza kioo giza, na giza hilo lina ubuluu. Kioo kikiwa kimetiwa giza na wahudumu, omba: "Samahani dada, naomba kiachwe wazi kidogo." Si ajabu akakubali, kama abiria hawajalala.

Dakika kumi za mwanzo na za mwisho ndizo za thamani, ardhi ikiwa karibu. Weka simu hali ya ndege, iwe mkononi tayari, na kamera kubwa uifungie kama mhudumu atataka hivyo.

Hatua ya 6: Kabla ya kurusha mtandaoni

Wenzako mliosafiri nao, hasa kina mama na wazee wa Umra waliolala midomo wazi, waulize kabla. Picha ya pasipoti na pasi ya kupandia ndege usiirushe kabisa. Ile bakodi ina jina lako na namba ya bukingi yako, na anayejua kuisoma anaweza kuingia kwenye safari yako akakubadilishia kiti au kuifuta. Kuweka kidole juu ya jina hakusaidii kitu kama bakodi imebaki wazi.