Yaweke Sawa Mambo ya SHA Ukiwa Bado Mzima

Piga *147# leo, si siku ya kuugua, uone kama jina lako lipo SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali ya Kenya. Kadi ya NHIF, bima ya zamani, itupe; bima hiyo ilifunga duka SHA ilipoanza Oktoba 1, 2024.

Mchango ulipwe. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Wa juakali hupangiwa kiasi chake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Sasa hapa tulia, maana hapa ndipo nilipochomeka. Mume wangu anapata shilingi 40,000, na kila mwezi karatasi yake ya mshahara inaonyesha 1,100 zimekwenda SHA. Tulilala usingizi mnono. Mwaka jana kifungua mimba wetu akashikwa na nimonia saa saba usiku, daktari akasema alazwe. Karani akabonyeza nambari ya kitambulisho cha baba. "Wewe uko na umelipiwa. Mtoto hayuko." Mume wangu akaikunjua ile karatasi kaunta, akawa anaonyesha makato kwa kidole, mwezi baada ya mwezi. Karani hata hakuinua macho. Kukatwa ni jambo moja, kumwandikisha mtegemezi ni jingine, na hakuna aliyetuambia. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa nyumbani ndani ya sanduku, funguo kwa mama mkwe. Tukachangisha dipoziti kwa simu za watu tuliowatoa usingizini, na mtoto anahema kama mvukuto mapajani mwangu.

Kwa hiyo andikisha mke au mume, andikisha kila mtoto, na picha za vyeti vyao zikae kwenye simu. Wazazi wako hawaingii chini yako. Kila mmoja ajisajili na kulipa kivyake. Na mwajiri anaweza kukukata asiwasilishe, basi angalia akaunti yako mwenyewe, usiamini karatasi tu.

Jua pia haki zako. Zahanati na kituo cha afya, daraja la pili na la tatu, hutibu waliosajiliwa bila kudai mchango. Mchango unahitajika kuanzia daraja la nne, yaani hospitali. Ukifika na dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema usinyimwe matibabu, uwe umelipa au hujalipa. Kufungiwa wodini kwa sababu ya bili, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015 kwamba ni kinyume cha sheria. Lisemee hilo, kwa adabu lakini kwa sauti.

Upasuaji huhitaji idhini ya SHA kwanza. Uliza kama imeombwa. Usiweke kidole kwenye mashine ya alama za vidole kabla ya kuambiwa unathibitisha huduma gani. Na ukitumiwa nambari ya siri ya kuthibitisha kwenye simu yako, usimsomee mtu ovyo, hata kama amevaa koti jeupe.