Namna ya Kuzima Jeni ya Mnyoo kwa Kumlisha Bakteria

Mnyoo Caenorhabditis elegans, ambaye akipevuka hufikia urefu wa takriban milimita 1, ndiye aliyetumiwa na Andrew Fire, Craig Mello na wenzao mwaka 1998 kuonyesha kwamba RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) ya nyuzi mbili huzima jeni yenye mfuatano unaolingana nayo. Wao waliidunga kwa sindano. Siku hizi hutosha kumlisha mnyoo bakteria wanaoitengeneza.

Anayeanza na achague jeni iitwayo unc-22, kwa sababu matokeo yake hayana utata: ikizimwa, misuli hutetemeka mfululizo, na mtetemo huo huonekana wazi kwa hadubini ndogo.

Pata bakteria wa E. coli aina ya HT115, wasio na kimeng'enya kinachoharibu RNA ya nyuzi mbili, waliobebeshwa plasmidi (DNA ndogo ya duara) ya L4440 yenye kipande cha unc-22. Wakuze usiku kucha katika mchuzi wa LB, yaani lishe ya kukuzia bakteria, wenye antibiotiki ya ampisilini, kisha udondoshee matone machache kwenye sahani za agari zilizotiwa IPTG, kemikali inayochochea utengenezaji wa RNA hiyo, na uziache zikauke hadi kesho yake.

Hatua inayofuata ndiyo huharibu kazi za wengi. Minyoo ya maabara hulishwa bakteria aina ya OP50, na wakihamishwa pamoja nayo, bakteria hao huota kwenye sahani mpya na mnyoo hula chakula kisicho na RNA inayotakiwa. Kwa hiyo chukua lava (minyoo wachanga) wa hatua ya 4 ya ukuaji, waache watambae kwanza kwenye agari tupu ili wajisafishe, ndipo uwaweke kwenye sahani ya jaribio. Andaa pia sahani ya ulinganisho yenye HT115 waliobeba L4440 tupu. Bila hiyo, mtetemo wowote utakaouona hauthibitishi kitu.

Tunza sahani katika nyuzijoto 20 za Selsiasi na uwachunguze watoto wao baada ya siku 3 hivi. Ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho Dicer huwa kimeikata RNA ile vipande vifupi, na protini za Argonaute huvitumia kuitambua RNA ya jeni inayolengwa. Lakini si kila RNA fupi huzima: zile zinazobebwa na Argonaute iitwayo CSR-1 huaminika kuzilinda jeni za seli za uzazi ili ziendelee kufanya kazi.

Ukilenga jeni ya neva, tumia minyoo yenye kasoro katika jeni ya rrf-3, ambayo huathirika zaidi, kwa kuwa neva za mnyoo wa kawaida haziathiriki kirahisi kwa njia hii.