SOMO: Kuwapeleka wanafunzi wa jiografia Ol Doinyo Lengai kwa simu, hatua kwa hatua

Nimejibu swali hili (fildi, yaani mafunzo ya nje, yanafanyikaje kwa simu?) inbox mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliweka hadharani. Atakayeniuliza tena nampa linki ya uzi huu. Mfano ni Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron. Bajeti ya fildi mnaijua wenyewe, na basi la chuo halipandi kule kila mwaka.

1. Wanafunzi wapakue Google Earth kwenye simu. Ni bure.

2. Gawa makundi ya wanne wanne. Simu moja yenye bando inatosha kundi zima. Anayeshika simu asiwe anayeandika.

3. Chagua vituo vichache. Mimi natumia ufuo wa Natron, ukuta wa Bonde la Ufa, mlima jirani wa Kerimasi, kitako cha Lengai, halafu kileleni.

4. Tengeneza faili la KML (faili linalohifadhi mahali pa kuonyeshwa kwenye ramani) lenye vituo hivyo uwatumie.

HAPA MSOME POLEPOLE. Ukitafuta mahali kwenye Google Earth, unaanza na latitudo: -2.764, 35.914. Ndani ya faili la KML mpangilio ni kinyume: longitudo kwanza, yaani 35.914,-2.764. Ukinakili kama ulivyozoea, mlima wako unazama Bahari ya Mediterania, kati ya Moroko na Hispania, na darasa zima linakodolea macho maji ya bluu. Kosa la pili ni kusahau alama ya kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Bila alama hiyo unatua Turkana, Kenya. Na ukichanganya desimali na dakika (2.764 si nyuzi 2 dakika 76, dakika haziwezi kufika 76!) unapotea makumi ya kilomita na usijue, kwa sababu bado unaona nyika na vilima. Hilo ndilo baya kuliko yote. Fungua faili mwenyewe, kwenye simu na si kompyuta, kabla ya kulituma kwa mtu yeyote.

5. Swali litangulie picha. Ukiwaambia "angalieni mlima" wataangalia, watapiga skrinshoti, wataondoka. Mimi nawauliza hivi: kileleni kuna weupe, ni nini? Nusu ya darasa hujibu theluji. Ndipo nawaambia wasome mwinuko: Lengai haifiki hata mita 3,000, wakati Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye barafu, ni mita 5,895. Wanakwama, wanabishana, wanaanza kutafuta. Jibu ni kwamba lava yake ni ya kabonati yenye sodiamu nyingi. Inatoka nyeusi au kahawia, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo. Kisha wape picha mbili za kreta, moja ya kabla ya milipuko ya 2007 na 2008 na moja ya baada yake, waeleze kilichobadilika.

6. Kila kundi lichore sehemu-mkato (umbo la ardhi likionekana kwa ubavu) kutoka Natron hadi kileleni. Kwa mkono, kwenye karatasi.

MASWALI

Mdau_Songea: Mkuu naomba kwa kifupi, nina haraka.
Mwandishi: Ni hatua sita, na ya kwanza ina sentensi mbili.

kijana_wa_geo: Yangu imetokea karibu na Lodwar, Turkana, programu ni mbovu?
Mwandishi: Programu ni nzima. Hatua ya 4, alama ya kutoa.

BintiRufiji: Shikamoo Daktari. Nimesoma pointi kwenye karatasi ya ramani ya 1:50,000, nikaiweka kwenye simu, ikasogea mbali na makutano ya barabara. Desimali nimehakiki mara mbili.
Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri hili. Karatasi zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa datamu (msingi wa kupimia latitudo na longitudo) ya Arc 1960, simu inatumia nyingine, WGS84. Tofauti yake kwetu ni kama mita 300, zaidi kaskazini-kusini. Ingiza pointi QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), itangaze kuwa ni Arc 1960, kisha igeuze iwe WGS84. Mwambie na mhadhiri wako, ni zoezi tosha la wiki nzima.

Mhenga_Idara: Kwa hiyo fildi ifutwe? Wakubwa watafurahi.
Mwandishi: Nionyeshe nilipoandika hivyo. Simu haikufundishi kupima mwinamo wa tabaka za miamba kwa dira wala kuzungumza na mfugaji kuhusu maji. Hii ni ya kabla ya safari, au ya mwaka ambao safari haipo.

Fundi_Ramani: Niongeze: mkifika fildi kweli, picha zenye lokesheni msizitume WhatsApp kama picha, lokesheni inafutika. Tumeni kama dokumenti.
Mwandishi: Asante sana, hili nilisahau.

BintiRufiji: Na kusipokuwa na mtandao kabisa?
Mwandishi: GPS haihitaji bando. Pakia ramani kwenye QField (programu ya ramani ya simu) kabla hujaondoka mjini. Washa hali ya ndege kuokoa chaji; simu nyingi GPS inaendelea kufanya kazi.

kijana_wa_geo: Pawabenki ya ukubwa gani inafaa?
Mwandishi: Nimeona Lodwar umeshatoka. Ya 20,000 mAh kwa kundi, na waya wawili, mmoja utakatika.