Namna ya kuamua kati ya gari dogo la kawaida na la kifahari ukiwa unaishi Tabora

Familia ya Tabora inayojiwekea akiba ili iagize gari kutoka Japani hufika mahali ambapo, kwa fedha zilezile au kwa nyongeza ndogo tu, inaweza kupata Toyota Premio au Allion iliyotunzwa vizuri, ama BMW ya mfululizo wa 3 au Mercedes-Benz C-Class yenye umri unaokaribiana nayo. Picha za gari la kifahari huvutia, na mtu hujiuliza kwa nini achukue la kawaida ilhali hili limeshuka bei kiasi hicho. Jibu langu ni kwamba gari likizeeka bei yake hushuka, lakini bei ya vipuri vyake na ya utaalamu wa kulihudumia haishuki pamoja nayo. C-Class iliyokuwa ghali ilipotoka kiwandani bado hudai vipuri vya gari la ghali, hata kama wewe umeipata kwa bei ya Premio. Kwa hiyo uamuzi usianzie kwenye bei ya kununulia, bali kwenye namna gari litakavyotunzwa hapa kwetu, mahali palipo zaidi ya kilomita 800 kutoka maduka makubwa ya vipuri ya Dar es Salaam.

Kabla ya kutazama gari lolote, chukua daftari na uandike safari zote za familia kwa mwezi mmoja: kuwapeleka watoto shuleni, sokoni, hospitali ya Kitete, shambani Uyui, msibani Nzega, kikazi Dodoma. Tenganisha kilomita za lami na kilomita za vumbi. Kazi hii ni ndogo lakini ina faida kubwa, kwa sababu sifa halisi za gari la kifahari, yaani utulivu wake katika mwendo, breki zake, ukimya wa ndani na viti visivyochosha mgongo, huonekana katika safari ndefu za lami kama ile ya kutoka Tabora kupitia Itigi na Manyoni hadi Dodoma. Mtu ambaye daftari lake linaonyesha safari mbili za namna hiyo kila mwezi ana hoja ya kweli ya kulifikiria gari hilo. Ambaye kilomita zake nyingi ziko kati ya Ipuli, Isevya na Ng'ambo, katika mitaa yenye mchanga wakati wa kiangazi na makorongo madogo wakati wa masika, atalipia sifa ambazo hatazitumia.

Kisha pima kimo cha gari kutoka ardhini, na usiridhike na maelezo ya tangazo. Mwombe jirani mwenye gari la aina unayoitaka, wapakie watu watano pamoja na mizigo, halafu uchukue rula na kupima kutoka ardhini hadi sehemu iliyo chini kuliko zote, ambayo mara nyingi huwa ni kinga ya injini au bomba la moshi. Magari mengi ya kifahari ya daraja la kuanzia yameundwa yakae chini ili yatulie barabarani, na yale yaliyofungwa vifaa vya kimichezo hukaa chini zaidi na huvaa matairi yenye kuta fupi. Tairi la namna hiyo likiingia kwenye shimo kwa kasi, pigo lote huishia kwenye rimu.

Jambo la matairi lastahili kusemwa kwa kirefu. BMW nyingi za mfululizo wa 3 za kizazi kinachojulikana kama E90, kilichoanza kuuzwa mwaka 2005, zilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea kwa umbali mfupi baada ya kuishiwa upepo, na kwa sababu hiyo hazikupewa tairi la akiba wala nafasi yake. Katika nchi ambayo gereji iko kila baada ya kilomita chache, mpango huo una maana. Nilijifunza tofauti yake nilipopanda gari la namna hiyo la jamaa yangu, na tairi likachanika ubavuni mwake kati ya Chaya na Nyahua, mahali ambapo pande zote ni pori. Hatukuwa na tairi la kubadilisha, na tairi la kipimo kile halikupatikana hata tulipofika mjini tukiwa tumepakiwa kwenye lori. Ilibidi liagizwe na kuletwa kwa basi, nasi tukangoja siku tatu. Ukiamua kununua gari lisilo na tairi la akiba, weka gharama ya tairi la ziada, rimu yake, jeki na spana katika bei ya gari tangu mwanzo, na ukubali kwamba sehemu ya buti itachukuliwa na tairi hilo siku zote.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote: mtafute fundi kabla ya kulitafuta gari. Nenda kwenye gereji mbili au tatu hapa mjini, ukawaulize mafundi maswali mahususi badala ya kuwauliza kama gari fulani ni zuri. Waulize ni magari mangapi ya aina hiyo wanayoyahudumia kwa sasa, kama wana mashine ya kompyuta inayosoma mifumo yote ya gari hilo au injini peke yake, na ni kipuri gani walichosubiri kwa muda mrefu zaidi. Kwa Premio utakuta karibu kila fundi ameshafungua injini yake, na bushi, shokapu, plagi na pedi za breki zinapatikana humu mjini au hufika kwa basi baada ya siku moja au mbili kutoka Kariakoo. Kwa gari la Kijerumani mambo hubadilika. Betri jipya la E90 linapaswa kusajiliwa katika kompyuta ya gari ili lichajiwe ipasavyo. Baadhi ya BMW za kipindi hicho hazina kijiti cha kupimia oili, bali kiasi cha oili husomwa kwenye skrini, hivyo kihisio kikiharibika fundi hana njia rahisi ya kujua. Injini ya M271 iliyofungwa kwenye C-Class nyingi za C180 na C200 inajulikana kwa cheni ya taimingi, yaani mnyororo unaoratibu vali na pistoni, inayochakaa na kulegea, na anayenunua gari hilo anapaswa kuisikiliza injini inapowashwa ikiwa baridi, kwani mgongano wa chuma katika sekunde za kwanza ni dalili ya gharama kubwa.

Nisieleweke kwamba gari la kawaida halina mitego. Premio na Allion za kizazi kilichoanza mwaka 2007, zenye injini za lita 1.5 na 1.8, hutumia giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo inahitaji mafuta yake maalumu. Fundi akiweka mafuta ya giaboksi ya kawaida, ameanza kuiua. Injini za D-4 za kizazi kilichotangulia, ambazo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hujaza masizi kwenye njia ya hewa na kulifanya gari litetemeke likiwa limesimama. Tofauti ni kwamba matatizo haya mafundi wetu wameyazoea, na ufahamu huo ni mali ambayo mnunuzi huipata bure.

Kuhusu kodi, watu wengi hudhani kwamba gari la kifahari hutozwa zaidi kwa sababu ya jina lake, lakini sivyo. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani inayokubaliwa na Mamlaka ya Mapato, na ushuru wa bidhaa hutegemea ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Juu ya jumla hiyo huja asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Magari yenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na yaliyozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Kwa hiyo BMW 320i yenye injini ya ujazo wa 1,995 iko katika kundi moja na Premio ya 1,496, ilhali Toyota Mark X ya 2,499, ambayo wengi huiona kuwa ya kawaida kwa sababu ni Toyota, huingia kundi la juu. Kinachopandisha kodi ya gari la kifahari ni thamani yake inayokadiriwa kuwa kubwa. Tumia kikokotoo kilichoko kwenye tovuti ya Mamlaka kwa kila gari unalolifikiria, tena kabla ya kulipa chochote, kwa maana viwango huweza kurekebishwa kila bajeti.

Mafuta hayahitaji maneno mengi. Kama familia inatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia takriban lita 83, na linalokwenda kilomita 9 litatumia lita 111. Zidisha tofauti hiyo ya lita 28 kwa bei kikomo ya Tabora inayotangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ambayo huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji, kisha zidisha mara 12.

Wapo wanaoiona Mark X kuwa suluhisho la katikati, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Injini yake ya silinda sita ya lita 2.5 ndiyo iliyomo pia katika Lexus IS 250, gari la kifahari la Toyota, kwa hiyo unapata mwendo wa gari la kifahari na vipuri ambavyo wauzaji wa Kariakoo wanavijua. Hata hivyo Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na katika tope la mwezi Februari nyuma huteleza upesi, jambo ambalo dereva wa familia anapaswa kulijaribu mwenyewe.

Ningemshauri mtu achukue gari la kifahari iwapo mambo matatu yanakutana: safari zake nyingi ni za lami ndefu, familia ina chombo kingine cha usafiri gari likiwa gereji, na baada ya kununua inabaki akiba isiyopungua robo ya bei ya gari kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kiasi hicho cha robo ni kipimo changu mwenyewe, na sijajuta kukitumia. Usalama pia ni hoja yenye uzito, kwa kuwa BMW na Mercedes-Benz za miaka hiyo huja na mfumo wa kuzuia gari lisiyumbe kwenye kona, wakati si kila Premio inao. Ukichagua Premio, tafuta kitufe chenye alama ya gari linaloteleza kabla ya kuagiza, na umpe kipaumbele muuzaji ambaye gari lake linacho.

Gari utakalolipenda, liwe la kawaida au la kifahari, piga picha ya namba yake ya chasisi na uipeleke kwa muuzaji wa vipuri kabla ya kulilipia. Mwombe bei za vitu vinne: pampu ya maji, shokapu mbili za mbele, taa moja ya mbele na rejeta. Muulize pia kila kimoja kitafika Tabora baada ya siku ngapi, na uandike majibu katika daftari lile lile la safari, ukurasa unaofuata, ili wewe na mwenzi wako muyasome pamoja mkiwa mmekaa nyumbani, kabla hamjakwenda benki.