Kuweka kipandikizi cha mfupa kwenye uti wa mgongo ulioharibiwa na kifua kikuu: hatua kwa hatua

Mwongozo huu unawalenga madaktari wanaojifunza upasuaji wa mifupa. Unahusu kuziba pengo linalobaki mbele ya uti wa mgongo baada ya kuondoa usaha na mifupa iliyooza, kwa njia ambayo madaktari wa upasuaji Hodgson na Stock waliieleza huko Hong Kong mwaka 1956. Dawa zikishawadhibiti vijidudu, hatima ya kipandikizi huamuliwa zaidi na uzito kinaobebeshwa.

Hatua ya 1: Pima pengo

Katika eneo la kiuno, sehemu ya mbele ya uti wa mgongo hubeba takriban asilimia 80 ya uzito unaoshuka, na mgonjwa akiwa na kibiongo mzigo husogea mbele zaidi. Hesabu nafasi za diski ambazo kipandikizi kitavuka, kwa sababu vipandikizi vya ubavu vinavyovuka zaidi ya mbili vimeonekana kuvunjika au kuteleza mara nyingi.

Hatua ya 2: Chagua mfupa

Ubavu hutamanisha kwa kuwa umeshaukata ili kufungua kifua. Hata hivyo ni mwembamba na umepinda, hivyo uzito unaoushukia hauugandamizi tu bali pia huukunja. Fikiria kani ya nyutoni 600: ikipita kwenye eneo la sentimita 1 ya mraba huleta kanieneo ya megapaskali 6, lakini ikigawanywa kwenye sentimita 3 za mraba hushuka hadi megapaskali 2. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani mfupa sponji wa pingili, hasa wa mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu, hupondeka kwa megapaskali chache tu. Fibula, mfupa mwembamba wa mguu chini ya goti, ni imara siku ya kwanza, lakini mwili huumega kabla ya kuujenga upya, kwa hiyo hudhoofika kwa miezi kadhaa. Kwa pengo fupi mimi huchagua ukingo wa mfupa wa nyonga, wenye gamba gumu pande tatu na sponji ndani.

Hatua ya 3: Kata mfupa wa nyonga

Anza angalau sentimita 3 nyuma ya ncha ya mbele ya nyonga, ili ncha hiyo isije ikang'oka kwa mvuto wa misuli. Tumia msumeno huku ukimwagia maji ya chumvi kuzuia joto. Patasi huacha nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kipandikizi hupungukiwa nguvu kabla hata hakijawekwa.

Hatua ya 4: Andaa mahali pa kukalia

Ondoa gegedu na mfupa mgonjwa mpaka uone vitone vya damu, kisha acha. Ukichimba na kuliondoa bamba gumu la pingili, umeondoa kitu pekee kinachozuia kipandikizi kudidimia. Bamba hilo ni imara zaidi pembezoni kuliko katikati, kwa hiyo kipandikizi kipana kinachofika pembezoni hukaa vizuri kuliko chembamba kilichowekwa katikati kabisa.

Hatua ya 5: Panua, weka, bana

Msaidizi asukume kibiongo kutoka nyuma, pengo lifunguke, nawe uingize kipandikizi kilichozidi urefu kidogo tu. Akiachia, uti wa mgongo wenyewe hukibana. Jaribu kukitingisha kwa koleo: kikicheza, kitoe ukipime upya.

Kubana huku kuna sababu. Stephan Perren, mtafiti wa jinsi mifupa inavyounga, alionyesha kwamba mfupa hujengeka pale tishu za kwenye pengo zinaponyooshwa kwa chini ya asilimia 2 hivi. Katika mwanya wa milimita 1, mchezo wa milimita 0.1 ni asilimia 10 tayari. Ndiyo maana huongezwa skrubu na fito za titani upande wa nyuma, zikazwe baada ya kipandikizi kukaa, ili zikigandamize. Zikikazwa kabla, huubeba mzigo zenyewe, na mfupa usiobebeshwa mzigo huliwa na mwili.

Hatua ya 6: Fuatilia

Linganisha pembe ya kibiongo katika kila eksirei na ile ya mara baada ya upasuaji. Pembe ikiongezeka, tafuta ncha iliyodidimia. Mstari mweusi unaodumu kwenye ncha moja humaanisha upande huo haujaunga, na weusi unaozunguka skrubu humaanisha imelegea. Hapo agiza picha ya CT, na hakikisha mgonjwa bado anameza dawa zake kabla ya kulaumu mfupa.