Nyanya za masika: toa majani ya chini
Wenye minyanya nyuma ya nyumba, masika haya toeni majani yote ya chini yanayogusa udongo, shina libaki wazi kama shibiri moja hivi, alafu tandaza nyasi kavu, sababu mvua ikipiga chini inarusha tope kwenye majani na vimelea vya ukungu vinapanda nalo, ndo unaona yale madoa ya kahawia yanaanza chini yanapanda juu. Ila nyasi zisibanane na shina, litaoza, acha nafasi ya vidole viwili vitatu. Na plizi usikate mmea ukiwa umelowa, subiri majani yakauke, maana mikono nayo inasambaza ugonjwa. Majani yenye madoa yatupe mbali kabisa, usiyaache hapohapo bustanini.